Mnaniuliza vikombe vingapi, hamniulizi moto kiasi gani

Nimerudisha pesa ya watu. Naanza na hiyo kwa sababu najua itasemwa tu, na afadhali muisikie kwangu.

Kuna muuzaji wa yerba mate hapa Nairobi, simtaji jina, aliyenilipa nusu ya pesa ili nimfanyie video nne. Ile ya kwanza mliiona: mimi na kibuyu changu, mrija wa chuma mdomoni, nikiwaambia hii ndiyo nguvu ya kukesha bila ile mitetemo ya kahawa. Komenti zikaja kama mvua ya Aprili, na swali lilikuwa moja tu, limerudiwa hadi nikachoka kulisoma: "Buda, kwa siku mtu anafaa kunywa ngapi?"

Nikampelekea muuzaji hilo swali. Akanijibu kwa maneno matano: "Ni majani tu, kunywa utakavyo." Na akataka niyaseme hivyo hivyo kwenye video ya pili.

Nilikataa. Video ya kwanza nimeitoa, pesa nimeirudisha, na ndiyo, ilikuwa pesa ya kodi ya nyumba ya miezi miwili, kwa hivyo msinione malaika. Iliniuma. Hii posti ndiyo video ya pili vile ilifaa kuwa.

Wacha tumalize utani kwanza. Ndiyo, inaitwa mate. Ndiyo, najua mate ni nini kwa Kiswahili. Na ndiyo, kule kwao kibuyu kimoja kinazungushwa kwa watu wote na mrija ni huo huo mmoja, kwa hivyo utani wenu una ukweli ndani yake. Mmecheka? Sawa. Kuanzia hapa nitaiita yerba.

Hao wenyewe wanakunywaje

Yerba ni majani ya mti unaoitwa Ilex paraguariensis. Waguarani wa Amerika Kusini walikuwa wakiyatumia kabla Wahispania hawajafika. Leo yanakunywewa Argentina, Uruguay, Paraguay na kusini mwa Brazil, na hata Syria na Lebanon, kwa sababu wahamiaji waliorudi makwao walirudi na kibuyu. Uruguay ndio vinara kwa mtu mmoja mmoja. Kule msee anatembea barabarani na chupa ya maji moto kwapani kama sisi tunavyobeba simu.

Lakini kuna kitu ambacho watu wa matangazo hawakuonyeshi. Kwa desturi, yerba ni kinywaji cha baraza. Kuna mtu mmoja anayemimina. Anajaza maji kidogo, anakupa, unamaliza, unarudisha, anamjazia anayefuata. Ukirudisha kibuyu ukasema asante, maana yake umetosheka, hupewi tena. Yaani neno la shukrani ndilo breki. Kile kinywaji kimekuja na adabu yake ya kuacha.

Sisi tumechukua nini? Tumechukua kibuyu, tumechukua mrija, tumechukua picha. Breki tumeiacha huko. Hapa kijana anakaa peke yake kwenye chumba chake South B, na chupa ya lita moja na laptopu, anajimiminia kutoka saa mbili usiku hadi alfajiri, na hakuna wa kumwambia asante. Huyo kijana nilikuwa mimi. Kwa wiki tatu nilijaza kibuyu asubuhi, nikajaza kingine jioni, nikawa nalala saa nne kwa siku, moyo unapiga kama ngoma ya harusi, na nikijiambia hiyo ndiyo bidii. Manze, si bidii hiyo. Ni mwili unaokwambia hesabu imekushinda.

Hesabu ambayo muuzaji hataki uifanye

Swali la "vikombe vingapi" ni swali bovu, na sababu ni rahisi: kikombe cha yerba hakina ukubwa. Ukitumia pakiti ndogo ya kuchovya, kama ile ya majani ya chai, ina gramu mbili au tatu. Ukijaza kibuyu vile wanavyojaza Uruguay, umeweka gramu 30, 40, hata 50. Vyote viwili vinaitwa "mate moja". Ni kama kuuliza mtu anafaa kula sahani ngapi za pilau bila kusema sahani ni ya sherehe ama ya mtoto wa chekechea.

Kwa hivyo acha vikombe. Pima majani.

Majani makavu ya yerba yana kafeini ya karibu asilimia 1, na mengine yanakaribia 2. Chukua gramu 50. Kwa asilimia 1, ndani ya kibuyu kuna miligramu 500 za kafeini. Kwa asilimia 2, ni 1,000. Si zote zitatoka, lakini ukiendelea kumimina maji mara kumi na tano juu ya majani yale yale, sehemu kubwa inatoka. Hiyo ndiyo kazi ya kumimina.

Sasa linganisha. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi wa kafeini ikasema mtu mzima mwenye afya hana shida akibaki ndani ya miligramu 400 kwa siku, na zisizidi 200 kwa mara moja. Mama mjamzito au anayenyonyesha, 200 kwa siku nzima. Watoto na vijana, miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wao. Wamarekani nao wanataja 400 hiyo hiyo kwa watu wazima.

Na hiyo 400 ni ya kila kitu kwa jumla. Hapa ndipo Wakenya tunajidanganya. Kikombe cha chai kina kama miligramu 40 hadi 50. Kahawa, karibu 90 au 100. Kopo dogo la kinywaji cha kuongeza nguvu, lile la mililita 250, mara nyingi lina 80. Kwa hivyo msee ameamka na vikombe viwili vya chai, saa sita amepiga kopo moja, halafu jioni ananiuliza kama kibuyu cha gramu 50 ni sawa. Buda, wewe ulishamaliza karibu nusu ya akiba yako kabla hata hujafungua pakiti.

Kisha kuna usingizi. Kafeini inachukua karibu saa 5 nusu yake kutoka mwilini. Ukiweka miligramu 400 saa kumi jioni, saa tatu usiku bado una 200, sawa na kahawa mbili. Saa nane usiku una 100. Unajigeuza kitandani unalaumu mawazo na ukosefu wa kazi, kumbe ni ile ya saa kumi. Na wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wajue kwamba vidonge hivyo vinafanya kafeini ikae mwilini muda mrefu zaidi.

Sasa moto

Hapa ndipo nilitaka kuwaleta. Kafeini ikizidi, mwili unapiga kelele: moyo, mikono, usingizi. Unasikia. Moto haupigi kelele. Unaungua leo, kesho umezoea.

Mwaka 1991, shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliweka yerba ya moto kwenye kundi linaloitwa 2A, maana yake "huenda ikasababisha kansa". Sababu ilikuwa kwamba kusini mwa Brazil, Uruguay na kaskazini mashariki mwa Argentina kansa ya umio ilikuwa nyingi. Umio ni ule mrija unaotoa chakula kooni kukipeleka tumboni. Sisi tunasema tu kansa ya koo.

Mwaka 2016 wakarudi kwenye faili. Wanasayansi 23 wakakaa na ushahidi wote na wakabadilisha maneno. Walisema yerba isiyo ya moto sana hawawezi kuiweka kwenye kundi la hatari, ushahidi hautoshi. Lakini kinywaji chochote, chochote kile, kinachonywewa kikiwa zaidi ya digrii 65, kimebaki 2A. Chai, kahawa, yerba, hata maji matupu. Kosa likatolewa kwa jani likapewa moto.

Sasa, wale wa kupiga kelele, tulieni. Kundi 2A linasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama nyekundu iko kundi hilo hilo, na sijaona mtu akikimbia nyama choma Jumapili. Kwa hivyo sisemi ukinywa kibuyu kimoja cha moto utakufa. Nasema kuna kitu kimoja kwenye hii habari yote ambacho unaweza kukibadilisha bure, leo, bila kuacha hata tone, na hakuna anayekuuzia chochote aliye na sababu ya kukwambia.

Na yerba ina ujanja wake kwenye jambo la moto. Maji yake kwa desturi yanamiminwa yakiwa digrii 70 hadi 80. Kikombe cha kawaida unakigusa kwa midomo kwanza, na midomo ikiungua unarudi nyuma, unapuliza, unangoja. Midomo ndiyo kipimajoto chako. Mrija unairuka. Unapeleka maji moja kwa moja nyuma ya ulimi, na kufika hapo umeshachelewa kupuliza.

Wiki ya tatu ya kutengeneza zile video ulimi wangu ulikuwa kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nilikuwa nauma ndizi siisikii ladha. Nikaenda kumeza chapati ikashuka inakwaruza, na hapo nikamkumbuka kogo wangu.

Kwa wale wa "si mkunywe chai yetu tu"

Kuna kundi la pili kwenye komenti, na hawa nao nina neno lao. Hawa wanasema: hii ni takataka ya wageni, inaleta kansa, sisi tuna chai yetu ya Kericho, imetulea, achana na mambo ya Argentina.

Kogo alikuwa mama wa Bomet. Chai yake ilitoka jikoni kwa kikombe cha bati, ile ya maziwa, bado inachemka pembeni. Chai iliyopoa kwake ilikuwa ya kuwapa wagonjwa ama paka. Mgeni akiingojea ipoe alikuwa anaona kama umemkataa. Alikunywa asubuhi, saa nne, mchana, jioni, na usiku kabla ya kulala. Hakuwahi kuvuta sigara. Pombe alikuwa anaisikia kwa majirani.

Nikiwa kidato cha tatu nyama ilianza kumkwama. Akasema ni meno. Halafu ugali ukawa unashuka tu akiusukuma na chai, ya moto, kwa sababu moto ndio ulikuwa "unafungua". Halafu uji. Halafu uji mwepesi. Alipopelekwa hospitali alikuwa anameza maji kwa kijiko. Tulimzika kabla ya mitihani yangu ya mwaka uliofuata.

Hakuna daktari anayeweza kunionyesha kikombe kilichomfanyia hivyo, na mtu akikwambia anajua kwa hakika, mkimbie. Kansa ya umio ina mikono mingi: pombe, tumbaku, moshi wa kuni jikoni, meno mabovu, ukoo. Lakini moto upo kwenye orodha, na Bomet ipo kwenye orodha nyingine. Kansa hii ni mojawapo ya zinazoua watu wengi zaidi Kenya, na kuna ukanda mzima, kutoka Ethiopia ukishuka Kenya, Tanzania hadi Malawi na kuendelea kusini, ambao wanasayansi wameuchora kwenye ramani kwa sababu iko nyingi ajabu. Hospitali ya Tenwek, huko huko Bomet, imeripoti wagonjwa wa miaka 30 kushuka chini. Rika letu.

Watafiti walienda Kilimanjaro na vipimajoto wakapima chai watu wakiwa wanakunywa. Wastani wa ile funda ya kwanza ulizidi digrii 70. Na unajua nani alikunywa ya moto zaidi? Wa chai ya maziwa kuliko wa chai ya rangi. Utafiti mwingine ulifanywa Eldoret, ukachapishwa 2019, na waliosema wanakunywa ya moto sana walikuwa na hatari kubwa waziwazi kuliko waliokunywa ya vuguvugu.

Kwa hivyo hapana, mzalendo. Huwezi kuinyooshea Uruguay kidole ukiwa umeshika kikombe kinachotoa mvuke kama gari moshi. Ugonjwa wao na wetu unapitia mlango mmoja. Tofauti ni kwamba wao wametafitiwa miaka mingi na sisi tunaambiana ni kurogwa.

Na kama unataka kujua kwa nini bado naona kiasi kina maana, tazama Iran. Mkoa wa Golestan, watu zaidi ya 50,000 wa miaka 40 kwenda juu, walifuatiliwa karibu miaka 10. Karibu wote kule ni watu wa chai nyeusi. Waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, na ikiwa digrii 60 au zaidi, hatari yao ya kansa ya umio ilikuwa juu kwa karibu asilimia 90 kuliko ya waliokunywa kidogo na ya kupoa. Sasa soma na nusu ya pili, kwa sababu watu wa vichwa vya habari huwa wanaificha: katika watu wote hao 50,000, walioupata ni 317. Kwa hivyo ni hatari ndogo iliyokaribia kuwa mara mbili. Ndogo kwa mtu. Kwa kaunti nzima yenye kogo wengi, si ndogo.

Moshi, na lile neno "asili"

Kuna jambo la tatu, fupi. Yerba nyingi hukaushwa kwa moto wa kuni, na moshi unaacha kemikali kwenye majani, zile zile zinazopatikana kwenye moshi wa sigara na nyama iliyoungua. Mojawapo, benzopireni, inajulikana kabisa kusababisha kansa. Kiasi kwenye kikombe kimoja ni kidogo. Kwa kibuyu viwili kila siku kwa miaka 20, ningependa kuwe kidogo zaidi. Kuna yerba inayokaushwa kwa hewa moto bila moshi, na pakiti husema hivyo. Kama utakuwa mnywaji wa kila siku, nunua hiyo. Kama muuzaji wako hajui tofauti, huyo anauza pakiti, haujui mzigo wake.

Halafu naomba tuache neno "asili". "Ni ya asili, haina madhara." Tumbaku ni ya asili. Mbarika unaota kando ya barabara na mbegu zake zinaua. Mmea hauna deni kwako. Ukiwa na nguvu ya kukufanya ukeshe, una nguvu ya kukufanya ukose usingizi. Ni nguvu ile ile. Kizuri hakikosi ila, wazee walisema, na hawakuwa wakiuza kitu.

Najua mtakachosema

"Wewe uliacha chuo, unatufundisha sayansi?" Niliacha chuo mwaka wa pili, ndiyo, karo ilipokwisha. Sikuacha kusoma. Nilichowaandikia hapa hakihitaji digrii, kinahitaji kuzidisha gramu kwa asilimia. Na hebu tuulizane: yule aliyeniambia "kunywa utakavyo" ana digrii ya biashara. Imemsaidia nini koo lako?

"Kila kitu sasa kinaleta kansa, tutakula nini?" Sijakwambia uache kitu. Nimekwambia ungoje. Hiyo ndiyo sheria nafuu zaidi ya afya utakayosikia mwaka huu. Haina usajili, haina pakiti, haina namba ya till.

"Guka yangu amekunywa chai ya kuchemka hadi miaka 90." Na Mungu amzidishie. Wewe unamjua kwa sababu yupo. Wale ambao hawakufika 90 hawako kwenye komenti.

"Sasa si ungechukua pesa na uweke onyo chini ya video?" Nililifikiria hili sana, sitadanganya. Lakini mnasoma maandishi madogo chini ya video? Mimi pia sisomi. Video ya dakika moja ya mtu anayefurahia, na onyo la sekunde mbili, hiyo ni leseni ya kudanganya.

Kipimo changu, nakiweka mezani

Mliuliza ngapi. Hii hapa, na kila mtu aikague hesabu mwenyewe.

Kwa mtu mzima mwenye afya, gramu 20 za majani makavu kwa siku, basi. Kwa nini 20? Kwa sababu hata kama majani yako ni yale makali ya asilimia 2, na hata kama kafeini yote ingetoka, ungefika 400 na usivuke. Kama ni ya asilimia 1, uko 200 na una nafasi ya chai yako. Ni vijiko vikubwa vichache tu. Nunua mizani ya jikoni, ama ugawe pakiti ya nusu kilo kwenye vifuko 25 na umalize habari. Na zigawe mara mbili kwa siku. Kama siku hiyo una chai tatu au umeshakunywa kopo la nguvu, punguza hadi 10. Kwa watu wengi ninaowajua, 10 ndiyo jibu la kweli, kwa sababu hakuna Mkenya anayeacha chai.

Isipite saa nane mchana. Saa nane, si saa nane usiku, msinifanyie ujanja.

Isizidi digrii 60 ikifika mdomoni. Kipimajoto cha jikoni si ghali. Kama huna, tumia kanuni yangu: ikiwa ni lazima uivute kwa kelele pamoja na hewa ndiyo uweze kuimeza, bado haijafika. Kwa chai, mimina kwenye kikombe kilicho wazi, acha dakika kadhaa, ama ongeza maziwa baridi mwishoni. Kwa yerba kuna njia nzuri zaidi, na wenyewe ndio waliivumbua: Paraguay wanainywa na maji baridi na barafu na majani ya dawa, inaitwa tereré, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2020. Kwa jua la Mombasa ama Kisumu hiyo ndiyo yenye akili. Kafeini unapata, koo umeliacha salama.

Usiinywe na chakula. Yerba na chai zote mbili zinazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa sukuma wiki, maharagwe na ndengu. Ngoja saa moja hivi. Dada zangu ambao kila mara mnaambiwa damu ni kidogo, hii ni yenu.

Kama una mimba, presha, shida ya moyo, ama unakunywa dawa za kila siku, usinisikilize mimi. Muulize daktari, na umtajie gramu, usimtajie vikombe.

Na chakula kikianza kukukwama, hata kama ni nyama tu, hata kama unafikiri ni meno, usikisukume na chai ya moto. Nenda hospitali wiki hiyo. Hiyo ndiyo sentensi moja ambayo ningependa kogo angeisikia, na hakuna mtu aliyekuwa amelipwa kuisema.

Mimi bado nakunywa yerba. Gramu 10, asubuhi, na maji ya bomba yaliyochemshwa jana yakalala kwenye friji. Mama yangu naye nimemnunulia kipimajoto, akanicheka, akasema sasa chai inapimwa homa. Lakini juzi nilimpigia simu nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nangoja chai ipoe."

Tuma hii kwa mtu mmoja nyumbani ambaye chai yake huwa inatoka moja kwa moja jikoni. Halafu rudini hapa tubishane.